Kutunza mafaili ya nyaraka kwa kanzidata ya kompyuta ya ofisini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwenye ofisi ndogo za Dar es Salaam ninakopita kupanga nyaraka: mawakala wa forodha wa Posta, maduka ya vipuri ya Gerezani, shule binafsi mbili tatu, na wenye nyumba za kupangisha Sinza na Kijitonyama. Wana kompyuta moja hadi tano, hawana mtu wa TEHAMA wa kudumu, na kila mmoja wao amewahi kusimama mbele ya mteja akitafuta karatasi ambayo ana hakika ipo. Nimejibu nikiwafikiria wao.

Kanzidata ina tofauti gani na folda nilizonazo tayari?

Folda zinajibu swali moja tu, lile ulilolipanga tangu mwanzo. Ukizipanga kwa majina ya wateja, utampata mteja. Ukitaka mikataba yote inayoisha mwezi ujao, utafungua folda moja baada ya nyingine mpaka jioni. Kanzidata (wengine husema hifadhidata, ni kitu kile kile) inashika maelezo ya kila waraka kwenye jedwali: aina yake, unamhusu nani, tarehe, unaisha lini, faili lake liko wapi. Ukishakuwa na jedwali hilo unauliza upande wowote unaotaka.

Aliyewahi kufanya kazi masjala ataelewa haraka. Masjala ina kabati la majalada na ina rejista. Karani mzuri haanzi na kabati. Anafungua rejista, anasoma namba ya jalada na namba ya folio, kisha anakwenda kwenye kabati moja kwa moja. Kanzidata ndiyo rejista, folda ndilo kabati. Makosa mengi ninayoitwa kuyarekebisha yametokana na mtu kugeuza rejista kuwa kabati, kwa hiyo mfano huu utausikia tena.

Sasa nyaraka zenyewe ziingie ndani ya kanzidata au zibaki nje?

Zibaki nje, kwenye folda. Kanzidata ihifadhi maelezo yake na njia ya kulifikia faili.

Tupige hesabu. Programu ninayoikuta zaidi maofisini ni Microsoft Access. Faili lake la .accdb haliruhusiwi kuzidi GB 2, na ndani ya hizo GB 2 mna majedwali, fomu, ripoti na kila kitu kingine. Ukurasa mmoja wa A4 ulioskaniwa kwa rangi na kubanwa vizuri tuuweke KB 500. Gawanya: unapata kurasa kama 4,000. Shehena moja tu bandarini ina BL (hati ya mzigo ya meli), ankara, orodha ya mizigo, TANSAD (tamko la forodha), risiti za malipo na barua za hapa na pale. Ofisi ya forodha inayoskani kurasa 40 kwa siku inazimaliza kurasa hizo kwa siku 100 za kazi. Ukianza Januari, Sabasaba haikukuti, umeshakwama.

Hata kama kikomo kingekuwa kikubwa zaidi, ningekushauri vile vile. Faili moja kwenye folda likiharibika umepoteza waraka mmoja. Kanzidata yenye nyaraka zote tumboni ikiharibika, masjala nzima imeondoka. Halafu kuna suala la bekapu. Ukiingiza risiti moja ndani ya kanzidata ya GB 1.8, faili lote limebadilika na lote linatakiwa kunakiliwa upya. Nyaraka zikiwa kwenye folda unanakili zile mpya tu, dakika mbili umemaliza.

Wenye kanzidata za zamani za .mdb wana tatizo kubwa zaidi. Safu ya aina ya OLE Object iliyotumika enzi hizo mara nyingi ilihifadhi waraka pamoja na picha ya bitimapu ya huo huo waraka, kwa hiyo kitu kidogo kilivimba kupita kiasi. Access 2007 ilileta muundo wa .accdb na safu ya Attachment, ambayo haivimbishi namna hiyo na hata hubana mafaili ambayo hayajabanwa. Ni nafuu kweli. Lakini kila faili lina kikomo cha MB 256, na zile GB 2 za jumla ziko pale pale.

Jambo moja linalowashangaza watu: ukifuta nyaraka ndani ya Access, faili halipungui. Nafasi inabaki imeshikwa mpaka uendeshe amri ya Compact and Repair. Kwenye SQLite, kanzidata ya bure nitakayoieleza mbele kidogo, amri ya kazi hiyo ni VACUUM.

Hakuna hata hali moja inayofaa kuziweka ndani?

Ipo. Vitu vidogo, vingi, visivyobadilika: picha za pasipoti za wanafunzi, sampuli za sahihi, nembo. Watengenezaji wa SQLite wamepima jambo hili wenyewe, na mwongozo wao ni kwamba vitu vya chini ya KB 100 husomeka haraka zaidi vikiwa ndani ya kanzidata, na vya juu ya hapo vikiwa mafaili ya nje. Shule yenye wanafunzi 600 na picha ya KB 30 kwa kila mmoja ina MB 18 tu. Hizo ziweke ndani bila wasiwasi. Utaihamisha kanzidata kwa flashi na hakuna picha itakayoachwa nyuma.

Nitumie programu gani?

Kama tayari una leseni ya Access na unaijua kidogo, tumia hiyo. Usipokuwa na fedha ya leseni, LibreOffice ni ya bure na ndani yake mna Base, programu yake ya kanzidata. Ila uijue tabia yake: kwa kawaida data ya Base hukaa ndani ya faili la .odb, ambalo kwa kweli ni zipu, na mabadiliko huandikwa humo pale unapohifadhi. Kompyuta ikizimika ghafla kabla hujahifadhi, kazi yako iko hatarini. Kwa hiyo ukiichagua Base, izoeze mikono yako Ctrl+S.

SQLite ni ya bure pia, ni imara sana, na imekuwepo tangu mwaka 2000. Haina fomu zake yenyewe, kwa hiyo unahitaji kijana anayejua kuandika programu akujengee uso wake. Ukimpata, ni chaguo zuri kuliko yote niliyoyataja.

Eksel je? Kwa nyaraka 200 za mtu mmoja, Eksel yenye safu ya viunganishi inatosha kabisa na sitakuuzia zaidi ya hapo. Inapoanza kukuletea "Mama Asha", "mama asha" na "M. Asha" kama wapangaji watatu tofauti, hama.

Majedwali yaweje?

Matatu yanatosha kuanzia. Jedwali la Wahusika (wateja, wapangaji, wanafunzi), jedwali la Aina za nyaraka, na jedwali la Nyaraka. Kwenye Nyaraka weka: namba ya waraka, mhusika, aina, tarehe ya waraka wenyewe, tarehe ulipoingizwa, tarehe ya kuisha kama ipo, maelezo mafupi, njia ya faili, aliyeuingiza, na mahali ilipo karatasi halisi.

Safu hiyo ya mwisho watu huiruka. Usiiruke. Boksi faili namba 7, rafu ya juu: andika hivyo hivyo. Siku utakayotakiwa kuonyesha mkataba wenye wino na mhuri, skani haitakusaidia.

Mhusika na aina vichaguliwe kwenye orodha, visiandikwe kwa mkono. Hapo ndipo Mama Asha anapobaki mmoja.

Mafaili niyape majina gani?

Yape namba. Najua inaonekana kavu, na kila ofisi inanibishia mwanzoni. Wanataka "Mkataba wa Pango Mzee Salum FINAL mpya kabisa (2).pdf". Miezi sita baadaye kuna mafaili manne yenye neno "mpya", na hakuna anayekumbuka lipi ndilo lililosainiwa.

Jina la faili halina kazi ya kueleza waraka; hiyo ni kazi ya rejista. Jina liwe namba ile ile iliyoko kwenye jedwali, yenye sufuri mbele ili ipangike vizuri: 000417.pdf. Kama roho inakataa namba tupu, ongeza tarehe mbele, mwaka kwanza: 2024-03-07_000417.pdf. Mwaka, mwezi, siku, kwa mpangilio huo, kompyuta inazipanga yenyewe kwa tarehe. Ukianza na siku, tarehe 7 Machi na 7 Oktoba zitakaa pamoja na hakuna kitakachoeleweka.

Na hapa kuna mtego wa kwetu hasa. Barua na ankara nyingi zina namba za kumbukumbu zenye mikwaju, mfano Kumb. Na. AB.12/345/01. Windows haikubali mkwaju kwenye jina la faili, wala nukta mbili, nyota, alama ya kuuliza, alama za kunukuu au mstari wa wima. Kwa hiyo karani mmoja anaweka kistari, mwingine nukta, mwingine anaacha nafasi, na waraka mmoja unatafutwa kwa namna tatu. Kumbukumbu ya barua iandikwe ndani ya kanzidata kama ilivyo, na mikwaju yake yote, kwenye safu yake. Huko haidhuru.

Majina marefu yana ubaya mwingine. Njia nzima ya faili kwenye Windows, kuanzia herufi ya diski mpaka .pdf, kwa kawaida ina kikomo cha herufi 260. Folda ndani ya folda ndani ya folda, zote zina majina kama sentensi, unafika haraka kuliko unavyodhani, na programu ya bekapu inaweza kuyaruka mafaili hayo.

Folda zenyewe zipange kwa mwaka na mwezi wa kuingizwa. 2024, ndani yake 03. Basi. Usipange kwa mteja, mteja yumo kwenye jedwali.

Tumenunua kompyuta mpya na viunganishi vyote vimekufa. Nifanyeje?

Pole, na mimi yamenikuta. Ofisi moja ya uwakala wa forodha niliyoijengea kanzidata, nyaraka zilikaa kwenye diski ya nje iliyosomeka kama E:. Niliandika njia nzima kwenye kila rekodi: E:\Nyaraka\2019\... na kuendelea. Siku moja dada wa mapokezi akachomeka flashi kabla ya diski ile. Flashi ikachukua E:, diski ikawa F:, na viunganishi zaidi ya elfu sita havikufunguka hata kimoja. Alinipigia akiwa na mteja mbele yake. Nyaraka zote zilikuwepo, salama kabisa, lakini rejista ilikuwa inaelekeza chumba kisichokuwepo.

Dawa ya haraka kwenye Access ni hoja moja ya kusasisha (update query) yenye Replace([Njia],"E:\","F:\"). Chukua nakala ya kanzidata kwanza, ndipo uiendeshe. Kama safu yako ni ya aina ya Hyperlink, ndani yake mna maandishi yaliyotenganishwa kwa alama za #, kwa hiyo angalia rekodi mbili tatu kabla na baada.

Dawa ya kudumu ni kutoandika njia nzima. Kwenye rekodi andika mkia tu: 2024\03\000417.pdf. Kichwa, yaani folda kuu ilipo, kiandike mara moja kwenye jedwali dogo la Mipangilio, na fomu iunganishe viwili hivyo mtu anapobofya. Kompyuta ikibadilika unarekebisha mstari mmoja. Tangu siku ile sijajenga kwa namna nyingine. Kama mafaili yako kwenye kompyuta nyingine ya mtandao wa ofisi, kichwa kiwe jina la kompyuta, \\SEVA\Nyaraka, si herufi kama Z: ambayo kila mtu anaweza kuwa nayo tofauti.

Risiti za EFD nizitunzeje?

Ziskani siku hiyo hiyo. Hili nalisema kwa msisitizo.

Risiti za mashine hizo za kielektroniki za kodi huchapwa kwa joto kwenye karatasi maalumu, hazina wino. Joto linaloendelea, mwanga, mafuta ya mikono na hata plastiki ya mfuko vinaendelea kuzifanyia kazi. Nimewahi kufunguliwa mfuko wa rambo uliokaa juu ya kabati la chuma, upande wa dirisha linalopigwa na jua la saa nane. Ndani yake mlikuwa na risiti za mwaka mzima wa manunuzi, zimefungwa kwa mpira, zimepangwa kwa mwezi, kazi ya mtu makini. Nikaifungua ya kwanza: nyeupe. Ya pili: kivuli cha namba, kama maandishi yaliyofutwa ubaoni. Kwenye bunda zima tulisoma chini ya nusu, na nyingine ni kwa kuziinamisha dirishani.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakutaka utunze kumbukumbu zako miaka 5. Karatasi ile kwenye joto la jiji hili haina ahadi hiyo. Skani au piga picha nzuri ya simu, ingiza kwenye kanzidata pamoja na tarehe, kiasi, TIN ya muuzaji na namba ya uhakiki iliyochapwa kwenye risiti, kisha karatasi yenyewe iweke kwenye bahasha ya karatasi mahali penye kivuli. Usipake gundi wala selotepu juu ya maandishi, navyo hufuta.

Niskani kwa ubora gani?

Nukta 300 kwa inchi zinatosha kwa karibu kila kitu cha ofisini. A4 kwa ubora huo ni pikseli 2,480 kwa 3,508. Kabla ya kubanwa, kwa rangi ni kama MB 26, kwa kijivu karibu MB 9, kwa nyeusi na nyeupe tupu ni MB 1 tu. Kwa hiyo uamuzi wa rangi ndio unaokula diski. Rangi itumie penye mhuri, sahihi ya wino wa bluu au picha. Mengine kijivu.

Hifadhi kama PDF, na skana yako ikiwa na chaguo la PDF/A, chagua hilo: ni aina ya PDF iliyowekewa kiwango cha kimataifa mwaka 2005 kwa ajili ya kutunza muda mrefu, na fonti zake zimo ndani ya faili. Kurasa za waraka mmoja ziwe faili moja. Na toa pini za stepla kabla hujazipitisha kwenye skana; kioo kikikwaruzwa, kila ukurasa utakuwa na mstari.

Naweza kutafuta neno lililo ndani ya skani?

Skani ni picha. Ili maneno yatafutike lazima programu ya kusoma maandishi ipite juu yake. Tesseract ni ya bure na ina data ya Kiswahili. Kwa barua iliyochapwa vizuri inasoma vizuri. Kwa fotokopi ya fotokopi inakosea sana, na mwandiko wa mkono usiitegemee. Maandishi yaliyosomwa yaweke kwenye safu ya maandishi marefu. Lakini usiache kujaza maelezo kwa mkono kwa kuitegemea. Sekunde 30 za karani aliyeuelewa waraka zina thamani kubwa zaidi.

Tuko watatu, tunataka kuitumia pamoja.

Igawe kanzidata mara mbili. Faili moja lenye majedwali likae kwenye kompyuta moja inayowaka muda wote wa kazi, na kila mtu awe na nakala yake ya faili lenye fomu na ripoti, lililounganishwa na majedwali yale. Access ina kifaa cha kufanya hivyo chenyewe. Msifungue watatu faili moja zima kwa njia ya mkato, huko ndiko kwenye kuharibika.

Na tumieni waya. Wai-fai ikikatika nusu sekunde katikati ya kuandika, faili la Access linaweza kuharibika. Waya wa mita 20 na swichi ndogo ya milango mitano ni gharama ndogo ukilinganisha na siku mbili za kurekebisha.

Vipi nikiiweka kwenye Google Drive au OneDrive ili tuifungue popote?

Faili la kanzidata linalofanya kazi, hapana. Huduma hizo hunakili faili kila linapobadilika; wawili wakifungua kwa wakati mmoja zitazaliwa nakala mbili zinazopingana, au moja iliyovunjika. Folda ya PDF inaweza kukaa huko. Nakala ya bekapu ya kanzidata iliyofungwa pia inaweza.

Umeme ukikatika tukiwa katikati ya kazi?

UPS, yaani betri ya akiba, kwenye kompyuta yenye majedwali, na kwenye swichi pia. Hii ya pili husahaulika. Haihitaji kuwa kubwa, dakika 10 za kufunga vizuri zinatosha. Umeme ukirudi, kabla ya kuendelea angalia rekodi ya mwisho uliyokuwa unaingiza na kama faili lake linafunguka.

Bekapu nifanyeje?

Nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikae nje ya jengo. Ya kwanza ni ile unayofanyia kazi. Ya pili ni diski ya nje inayochomekwa jioni na kuchomolewa. Kuchomolewa ni sehemu ya bekapu: virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia hufunga kila diski vinayoikuta imechomekwa. Ya tatu inaondoka na mtu kwenda nyumbani au inapanda mtandaoni.

Ile ya nje ya jengo wengi huona ni kupoteza muda. Anayekumbuka mafuriko ya Desemba 2011 habishani nayo. Maji ya bonde la Msimbazi hayabagui kompyuta na diski ya bekapu iliyoko droo ya chini ya meza hiyo hiyo. Kama ofisi iko Jangwani au Kigogo bondeni, nakala ikae Ubungo au Mbezi.

Kanzidata na folda zinakiliwe pamoja, siku moja. Rejista ya Ijumaa na kabati la Jumatatu havitapatana.

Kila mwezi, chukua diski ya bekapu, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, fungua kanzidata, chagua rekodi kumi bila mpango na ubofye kila moja. Nimefika kwenye ofisi iliyokuwa na bekapu kila jioni kwa mwaka mzima, mwaminifu kabisa aliyeifanya, na alichokuwa ananakili ni njia ya mkato ya kwenye deskitopu. KB 2, kila siku. Hakuna aliyewahi kuifungua.

Mkataba ukirekebishwa, nifute wa zamani?

Usifute. Mpya upewe namba yake, na kwenye rekodi yake kuwe na safu ya "unachukua nafasi ya" yenye namba ya wa zamani. Wa zamani weka alama kuwa haufanyi kazi tena, ili usijitokeze kwenye utafutaji wa kawaida. Mgogoro wa pango unapofika baraza la ardhi, swali la kwanza huwa ni makubaliano yalikuwaje mwezi fulani, na jibu limo kwenye ule uliotaka kuufuta.

Nani aruhusiwe kuona nini?

Nyaraka zako zina nakala za vitambulisho vya NIDA, namba za simu, mishahara, pengine vyeti vya hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inakuhusu hata ukiwa na ofisi ya chumba kimoja: kusanya unachokihitaji kwa kazi iliyotajwa, kilinde, usikitumie kwa jambo lingine. Mwenye nyumba mmoja alikuwa anatunza nakala za vitambulisho vya watu waliokuja tu kuangalia chumba na hawakupanga. Nilimwomba aziondoe zote, na alikubali.

Kwa upande wa ufundi, elewa kwamba nywila ya kanzidata inalinda rejista tu. Folda ya PDF iko wazi kwa yeyote anayeijua. Weka ruhusa za Windows kwenye folda yenyewe, na diski za nje zisimbwe kwa BitLocker, kifaa cha Windows cha kufunga diski kwa nywila, maana ndizo zinazosahaulika kwenye bajaji.

Nikishaskani nitupe karatasi?

Inategemea karatasi gani. Hati miliki, mikataba yenye sahihi na mihuri, vyeti, wosia: hizo hazitupwi. Taasisi ya umma haiamui yenyewe kuteketeza kumbukumbu, kuna utaratibu chini ya Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002. Fomu za ndani na nakala za ziada unaweza kuzipunguza baada ya muda wake kupita.

Lakini skani nayo si kitu cha kudharau mbele ya sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi, na katika kupima uzito wake huangaliwa namna zilivyotengenezwa, zilivyotunzwa na ukamilifu wake ulivyolindwa. Kwa hiyo safu za "aliyeingiza" na "tarehe ya kuingizwa" zina maana. Ongeza na alama ya uthibitisho ya faili: kwenye Windows andika certutil -hashfile 000417.pdf SHA256, utapata herufi na tarakimu 64. Zihifadhi kwenye rekodi. Faili likibadilishwa hata nukta moja, alama itatoka tofauti.

Nina makabati ya miaka kumi. Nianzie wapi?

Anzia leo. Kila karatasi inayoingia kuanzia kesho asubuhi iskaniwe na kuingizwa kabla ya saa kumi jioni. Za zamani ziache mahali pake. Ukizianza zote utachoka wiki ya pili na utakuwa na mifumo miwili isiyokamilika. Kila unapofungua jalada la zamani kwa sababu ya kazi, liingize siku hiyo. Majalada yanayotumika yatajiingiza yenyewe kwa namna hiyo ndani ya miezi michache.

Halafu tenga Jumamosi moja kwa mwezi kwa ajili ya yale yanayoisha muda: mikataba, leseni, bima. Kaeni wawili, mmoja anatoa pini na kunyoosha karatasi, mwingine anaskani na kujaza fomu. Jalada likimalizika, chora alama ya kijani kwenye mgongo wa boksi na uandike chini yake namba ya kwanza na ya mwisho ya nyaraka zilizotoka humo.